Utomvu wa Kijapani kwenye Jua la Ibra

Baada ya sala ya Alasiri Hashil alipanda juu ya paa, akavua viatu, akachutama mbele ya mkeka. Upande mmoja wa mkeka mkewe, Fawziya, alianika ndimu za kukausha. Upande wa pili vilikuwa vigamba vyake, vimepangwa safu kwa safu, vyeusi, vinang'aa, vinapendeza kwa macho. Alinyoosha kidole akagusa kimoja cha pembeni kabisa, mahali ambapo hapataonekana. Kidole kikanasa. Alipokivuta kilitoka na uzi mweusi, kama mtu aliyegusa lami.

"Astaghfirullah," akasema polepole, maana hakutaka kusema jengine.

Akajaribu cha pili, na cha tatu. Vyote vile vile. Na jua lilikuwa lile la Ibra, huko Oman, la mwisho wa kiangazi, ambalo ukisahau ndoo ya plastiki nje hupasuka. Ndimu za Fawziya zilishakauka mpaka zinagonga kama njugu. Vigamba vya Hashil vilikuwa vibichi vile vile tangu kabla ya Ramadhani, na sasa vimeshika vumbi, nyuzi za makuti, na mainzi wawili waliokufa wamesimama.

Vigamba hivyo vilikuwa vya deraya, vazi la vita la Wajapani wa zamani. Hashil hakuwa anatengeneza deraya ya mchezo wala ya maboksi. Alitaka iwe kama walivyoifanya wenyewe: vipande vidogo vya ngozi ngumu ya ng'ombe, kila kimoja kimetobolewa matundu, vinalaliana kama magamba ya samaki, vinapakwa utomvu wa mti mmoja wa kwao, vikikauka vinapakwa tena na tena mpaka vinakuwa vigumu kama pembe, halafu vinafungwa kwa kamba za hariri. Kifua, mgongo, mabega mawili, na marinda ya kufunika mapaja.

Mapenzi haya aliyapata Sur, mji wa pwani, katika kiwanda cha gesi alichofanya kazi ujana wake wote. Alikuwako mhandisi wa Kijapani, mtu mpole, aliyemwonyesha picha ya deraya ya babu yake iliyokaa sebuleni kwao kama mgeni aliyekataa kuondoka. Hashil aliitazama picha ile mpaka chai yake ikapoa. Basi alipostaafu, akarejea Ibra kwenye nyumba ya mama yake. Wenziwe waliostaafu naye walinunua mbuzi na mitende. Yeye akanunua ngozi.

"Utakwenda nayo vitani na nani?" shemeji yake Hazim humuuliza kila Ijumaa, akishakula.

"Na wewe," Hashil humjibu.

Kulikuwa pia na kinyago cha kufunika nusu ya uso, chenye pua na masharubu. Hicho Fawziya alimwambia kwa upole kwamba kitu chenye sura hakitakaa katika nyumba anayosalia yeye. Hashil hakubishana. Hata yeye moyo wake ulikuwa hautulii kwa kile kinyago. Akakiacha.

Kamba nazo zilikuwa na mtihani wake. Kamba nzuri za kusokotwa zinauzwa soko la wanawake la Jumatano, na pale mwanamme haingii. Hashil alikaa ndani ya gari mbali na soko, simu sikioni, akimweleza mkewe: rangi ya zambarau iliyokolea, si ya kung'aa, bapa, si ya mviringo. Fawziya akatoka na furushi la kamba za zambarau zenye nyuzi za dhahabu, zile za kupamba miguu ya suruali za wanawake.

"Fawziya, mimi nimesema zising'ae."

"Hazing'ai. Hizi zinametameta tu." Akafunga mlango wa gari. "Na yule mama kaniuliza ni za harusi ya nani. Nikamwambia ni za bwana wangu, anashona nguo. Sasa soko zima linajua."

Lakini kamba zinabadilishwa. Utomvu, aliouagiza Japani, ndio uliomshinda.

Alisoma alichoweza. Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani, cha mabomba na mita, na Kijapani hakujua ila kusalimia na kushukuru. Kwa hivyo mwalimu wake alikuwa simu. Aliwatazama mafundi wa huko, wazee wasiosema sana, akaisimamisha picha, akairudisha nyuma, akaisimamisha tena, akaiangalia mikono yao. Walipomaliza kupaka walivitia vigamba ndani ya kabati la mbao, wakafunga mlango. Hashil alielewa: wanaogopa vumbi. Na kabla ya kuvitia, fundi alilipangusa lile kabati ndani kwa kitambaa kibichi, cha maji. Hilo nalo alilielewa: analisafisha. Kwa mtu wa Ibra, kitu kikitiwa kabatini kimewekwa. Kukausha ni kazi ya jua. Tende juani, ndimu juani, papa wa Sur juani, kanzu juani. Aliwahurumia wale wazee. Jua lao haba, masikini, ndiyo maana wanajibana na kabati. Yeye Mwenyezi Mungu amemjaalia jua la kutosha na kubaki.

Siku ile aliposhuka kutoka juu ya paa alikuwa anajikuna kwa ule utomvu. Mikono ilimvimba, vipele vilipanda mpaka kwenye viwiko, na jicho moja likaanza kufumba. Mama yake, Bi Sheha, alikuwa amekaa kwenye busati la ukumbini na tasbihi yake. Bi Sheha alizaliwa Malindi, Unguja, na aliletwa Oman akiwa tayari ni mama wa watoto.

"Njoo hapa," akasema. "Leta mkono." Akautazama karibu, akaunusa. "Umechoma korosho?"

"Korosho za wapi, mama, hapa Ibra?"

"Mimi nakuuliza wewe. Hivi ni vipele vya maji ya ganda la korosho. Mimi nimekulia kwenye korosho, mtu hanidanganyi. Siku mbili utawashwa, ya tatu utalia." Akaagiza mafuta ya nazi, akampaka mwenyewe, polepole, kama alivyokuwa akimpaka alipokuwa mdogo. "Mwanamme mzima na mvi zako. Wenzio wanahifadhi Qurani uzeeni."

"Nasoma pia, mama."

"Najua unasoma. Ndiyo maana nakupaka."

Alikuwa bado ana mafuta mikononi simu ilipolia. Ilikuwa binti yake, Raghad, aliyepata kazi Nizwa katika nyumba moja ya utamaduni, na alikuwa bado mgeni kazini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile kitu yako imekwisha?"

"Kitu gani?"

"Ile deraya, baba. Tunafanya maonyesho ya watu wanaofanya kazi za mikono majumbani. Nimewaambia habari yako. Wamekupa kabati la kioo la katikati, ile kubwa kabisa."

Hashil akalitazama jicho lake kwenye kioo cha ukumbini. Lilikuwa limefumba lote.

"Mkubwa wangu, Bi Wiam, alikuwa hataki," Raghad akaendelea. "Kasema watu wa namna hii wanapaka rangi ya gari halafu wanasema ni kazi ya kale. Nikamwambia baba yangu hapaki rangi ya gari. Nimempa neno langu. Na kadi nimeshaichapisha, Kiarabu na Kiingereza, kwamba ni utomvu wa mti, hamna rangi ya kiwandani. Ni kweli, au sio?"

"Ni kweli."

"Na imekauka?"

"Inakauka," akasema Hashil.

Fawziya, aliyekuwa anapita na kapu la nguo, akasimama akamtazama, kisha akaenda zake.

Basi ikawa taabu juu ya taabu. Alivihamisha vigamba penye jua kali zaidi, juu ya bati. Vikatokwa na mikunjo kama uso wa maziwa yaliyochemka. Akavipepea kwa feni. Vikashika vumbi zaidi. Akavirudisha ndani penye kiyoyozi, na hewa ya kiyoyozi ikakausha kila kitu chumbani, midomo yake na koo lake, ila vigamba. Vilivyoharibika alivifuta kwa mafuta ya taa, kimoja kimoja, na kila alichokifuta alianza upya. Kiangazi kikaisha. Watu wakaanza kuvaa koti Alfajiri. Alikuwa hana hasira za kupiga kelele. Zake zilikuwa za kunyamaza. Anakula nusu sahani, anainuka. Ukimsemesha anakujibu kwa neno moja. Bi Sheha alimsomea maji, akayanywa, akashukuru, akarudi kwenye vigamba vyake.

Siku moja Fawziya alikuwa anafagia uwani nyuma, pale penye mtungi wa udongo wa Bahla wa maji ya kunywa, ule unaotoka jasho mchana kutwa na kulowesha sakafu. Akaja ukumbini na ufagio mkono mmoja.

"Hiki chako? Kilikuwa nyuma ya mtungi. Lazima ulikiangusha ulipokuwa unashuka na mizigo yako. Kimelowa, pole."

Hashil akakipokea bila ya kukitazama, akidhani kimeharibika. Kidole gumba chake kikateleza. Akakikandamiza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. Akakigonga juu ya meza, kikatoa sauti ya pembe. Akakitia mdomoni akakiuma.

"Bwana we, kimetoka nyuma ya mtungi," Fawziya akasema.

"Kimekaa huko muda gani?"

"Mimi najua? Labda tangu siku ile Hazim alipoleta halwa."

Hashil akachukua simu. Akamtafuta yule fundi mzee, akairudisha picha pale penye kabati. Mzee anatia kitambaa kwenye maji, anakikamua kidogo tu, anapangusa ndani, juu, chini, pembeni, maji yanachuruzika. Hakukausha. Akaviingiza vigamba kwenye ule ubichi, akafunga mlango. Hashil aliitazama mara nyingi, ingawa mara ya kwanza ilimtosha. Utomvu ule haukaushwi na jua. Unataka majimaji hewani ndiyo ugande. Kila alipouonyesha jua, alikuwa anaunyima hicho hicho unachokitaka.

Mtu angedhani atafurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alikaa na kile kigamba kwenye kiganja, akifikiri kiangazi kizima alichopanda na kushuka ngazi, na ngozi alizozitupa, na vipele.

"Kwa hivyo kinataka maji," Fawziya akasema, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko. "Na wewe ulikuwa unakichoma kama papa."

"Usicheke."

"Sicheki. Nasema tu."

Kazi ikaanza tena, na sasa haraka, maana maonyesho yalikuwa yanakaribia. Kila tabaka lazima ligande kabla ya kupakwa jengine, na hilo halina njia ya mkato. Hashil akakiteka choo cha wageni. Alitandika kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akaning'iniza vigamba vyote, akafungulia maji ya moto mpaka kioo kikafanya ukungu, akafunga mlango, akaweka taulo chini. Siku ya pili vilikuwa vimeganda. Alisimama mlangoni humo kwenye mvuke, miwani imejaa ukungu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka kuanza akasema Alhamdulillah kwa sauti.

Ijumaa Hazim akaja kula. Aliposikia adhana ya Alasiri aliinuka kwenda kutawadha, na kwa kuwa ni mtu wa nyumbani hakuuliza. Wakasikia kishindo, kisha sauti yake.

"Kuna popo humu!"

Akatoka anarudi kinyumenyume, mkono juu ya kichwa. Vigamba vibichi vya tabaka jipya vilikuwa vimemnata kwenye kofia na kwenye sikio. Kufika Magharibi sikio lile lilikuwa jekundu na limekuwa mara mbili ya lenziwe. Bi Sheha akaitisha mafuta ya nazi.

"Mimi nilikuuliza utakwenda vitani na nani," Hazim akamwambia Hashil huku anapakwa. "Ulisema na mimi. Sikujua ulikuwa unasema kweli."

Wote wakacheka, hata Bi Sheha. Fawziya hakucheka. Alingojea mgeni aondoke, ndipo akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mtu akija nyumbani kwao atoke salama, na kwamba choo kile kitafunguliwa kesho. Hashil alijua kwamba haki iko kwa mkewe. Akavitoa vigamba, akaifungua kamba, akasugua kuta mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kabati la nguo zake. Alitoa kanzu zote, akatundika taulo za maji ndani, akavitia vigamba. Kabati lilikuwa dogo. Havikuingia ila vya bega moja, la kushoto. Vya bega la kulia, kifua, mgongo na marinda vikabaki nje vimefunikwa shuka, vina matabaka mawili tu, vimefifia kama viatu vya zamani. Hashil alihesabu akilini, akahesabu tena, na kila namna aliyohesabu, kwa siku zilizobaki lilitoka bega moja.

Ndipo alipokwenda gereji kwa Zuhair, binamu yake, anayepaka magari rangi. Alikwenda na vigamba vya kifua ndani ya sanduku la soda.

"Hivi tu?" Zuhair akasema. "Hivi nakupigia kabla hujamaliza kahawa. Nyeusi ya kawaida au nyeusi ya gari za mashekhe?" Akachukua kimoja, akakipulizia palepale kabla Hashil hajasema kitu. Kikakauka juani mbele ya macho yao. Kilikuwa laini, cheusi, kinang'aa kama kioo. Kilikuwa kizuri kuliko chochote alichowahi kukifanya Hashil kwa mkono wake.

"Nani atajua?" Zuhair akauliza, akamimina kahawa.

Hashil alikigeuza kile kigamba. Ni kweli, hakuna atakayejua. Nizwa nzima hakuna mtu wa kuweza kutofautisha, wala huyo Bi Wiam. Alichokuwa anakiona ni ile kadi, jina la binti yake chini yake, na maneno ya utomvu wa mti juu. Kama ingekuwa kadi yake mwenyewe, Mungu amsamehe, pengine angeiachia. Lakini mtoto alilitoa neno hilo kwa kumwamini yeye.

"Nipe sanduku langu," akasema.

"Hata kahawa hujanywa."

"Nitakunywa siku nyengine."

Akaondoka na hasira: kwa Zuhair, kwa rangi nzuri ile, kwa utomvu, na zaidi kwake mwenyewe.

Siku ya maonyesho alipita njia ya Izki kwenda Nizwa na bega la kushoto limefungwa katika kanga kuukuu ya mama yake, kwenye kiti cha mbele, mkanda wa gari umelifunga. Raghad alimngojea mlangoni. Alilitazama furushi, akalitazama gari, akatazama kiti cha nyuma kilicho kitupu.

"Na nyengine?"

"Hamna nyengine. Hili ndilo lililoganda."

"Baba." Akalipokea furushi. "Ungeniambia, ningekuombea kabati ndogo. Sasa nina kabati la mtu mzima katikati ya ukumbi."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeanika utomvu wa Kijapani juani na ndimu za mama yako?"

Kicheko kilimtoka Raghad bila ridhaa yake, akakikata, akarudi kuwa na hasira. Kabati la katikati akampa mzee mmoja aliyeleta redio za zamani, na redio zilikaa vizuri humo. Bega la Hashil likawekwa kwenye rafu ya ukutani, karibu na mlango wa kutokea. Raghad aliibandua kadi, akaandika nyengine kwa mkono: bega la kushoto la deraya, utomvu wa mti, hamna rangi ya kiwandani.

Watu walikuja. Wakazipiga picha redio. Mmoja alisimama mbele ya bega akauliza kama ni sinia. Mwengine akauliza linafungwaje juu ya farasi. Hashil alijibu wote kwa adabu, na kila jibu lilimchosha kuliko lililotangulia. Alikuwa analiona kosa lake pale pale, safu ya tatu, fundo moja limekaa upande, na hakuna aliyeliona ila yeye.

Kisha akaja Bi Wiam, mwanamke mrefu mwenye miwani, akainama, akalitazama bega muda mrefu. Akamgeukia Raghad.

"Hii si rangi ya gari."

"Nilikwambia," Raghad akasema.

"Na mwili wake uko wapi?"

"Uko Ibra, Bi Wiam. Haujakauka." Alilisema hilo waziwazi, mbele ya watu, bila kumtafutia baba yake udhuru na bila kuona haya, kisha akaenda kumsaidia mzee wa redio aliyepoteza waya.

Hashil akatoka nje uwanjani. Alikuwa ameacha vigamba vya bega la kulia kabatini tangu Alfajiri, na taulo mpaka sasa zitakuwa zimekauka. Akampigia Fawziya amwambie azitie maji. Simu ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikalia tena mpaka mwisho. Ulikuwa wakati wa Adhuhuri, pengine alikuwa anasali. Au aliiona simu, akajua inataka nini, akaiacha ilie. Kwa Fawziya yote mawili yanawezekana.